Mbegu Tuliyoiacha Darini

Msiniambie habari za bahati mbaya. Bahati mbaya ni kuumwa na nyoka njiani kwenda kisimani. Sisi tulijitakia wenyewe, na mimi Mwantumu nilikuwa mbele ya wote.

Mama mkwe wangu, Bibi Swaumu, alikuwa na mahindi yake. Mafupi, punje ndogondogo nyeupe zenye madoa mekundu. Siku sabini shambani, unachoma. Handeni kwetu mvua haina adabu, inaingia wiki chache na kuondoka bila kuaga, lakini mahindi yale yaliiwahi kila mwaka. Baada ya mavuno alichagua yaliyo bora, akayafunga kwa maganda yake na kuyatundika darini juu ya meko, yapate moshi mwaka mzima, wadudu wasiyaguse.

Nami niliyachukia! Masizi yalidondoka kwenye mboga yangu. "Mama yako anatulisha masizi," nilimwambia mume wangu, Mdoe, naye akacheka. Mvua ya kwanza ikinyesha, wanawake wa kitongoji kizima walikuja na vikapu, na Bibi akawagawia bure. Siku hizo nilinuna kutwa, maana uji wa wageni niliupika mimi.

Mwaka sabini na nne tukaambiwa tuhamie kijiji kipya, kando ya barabara ya Mkata. Lori moja, safari mbili. Bibi alitangulia na watoto. Kabla hajapanda alinishika mkono.

"Vyungu viache, vitanda viache. Darini usisahau."

"Sawa, mama."

Safari ya pili dereva anapiga honi, mgambo wanafoka. Nafasi ilibaki ya kitu kimoja. Mdoe alikuwa ameninunulia kabati la vioo Korogwe, alipokuwa akikata mkonge, na hakuna mwanamke mwingine kitongojini aliyekuwa nalo. Nikapandisha kabati. Bwana shamba si alisema serikali italeta mbegu bora, magunia kwa magunia? "Masizi yabaki na nyumba," nilimwambia Mdoe. Akacheka tena, mjinga mwenzangu. Hatujafika mbali tukaona moshi. Nyumba zilikuwa zinachomwa ili tusirudi.

Bibi aliponiuliza, nikasema mbegu imo kwenye magunia. Niliukalia uongo huo miezi mitatu.

Mvua ya kwanza ikanyesha. Asubuhi wanawake wakaja na vikapu vyao, jirani yetu Tatu mbele, kama kawaida yao.

"Lete, Mwantumu," Bibi akasema.

Sikuwa na pa kujificha. Nikasema kila kitu, mpaka kabati. Bibi akaketi chini kwenye matope.

"Mwanamke mwenye laana!" Tatu akapiga kelele. "Umetuua na watoto wetu!"

Nilistahili. Lakini hasira ilinipanda kichwani nikamsogelea. "Na wewe? Miaka kumi na moja unapanda mbegu ya mama yangu, umewahi kutunza hindi moja? Nyie nyote! Nani ana hata konzi moja? Alete!"

Kila mmoja alikuwa amekula yake yote mpaka ya mwisho, mwaka baada ya mwaka. Bibi akawatazama mmoja mmoja.

"Hata wewe, Tatu?"

"Tulijua wewe unayo, Bibi."

Usiache mbachao kwa msala upitao, wahenga walisema. Sisi mbachao hatukuuacha tu, tulikuwa tunaufutia miguu.

Msala ulikuja umechelewa: mbegu ya serikali, mahindi marefu, mazuri machoni, ya miezi minne. Mvua ikaondoka zake, nayo yakakauka yakiwa kiunoni. Kabati langu lilisimama ukutani na vikombe sita vya maua, na ndani ya nyumba hapakuwa na kitu cha kutia katika hata kimoja.

Tukaletewa mahindi ya njano ya msaada. Watu walipanga foleni tangu alfajiri, wakisukumana. Nilipofika nikamkuta Bibi Swaumu mwisho kabisa, amesimama juani, miguu imemvimba. Mtu aliyewalisha wote wale! Hakuna aliyegeuka kumpisha. Nikaenda mbele, nikamshika Tatu bega na kumvuta nje ya mstari.

"Toka! Mpishe aliyekulisha!"

Bibi akaja akijikokota, akautoa mkono wangu begani kwa Tatu.

"Mwache, Mwantumu. Ana mtoto mgongoni."

Akamrudisha Tatu mahali pake, kisha akarudi mwisho wa foleni.

Alikufa mwaka uliofuata. Kabati nililivunja kwa shoka, Mdoe akitazama, na hilo halikunisaidia kitu. Bibi hakuwahi kunitukana, hata neno moja. Laiti angenitukana.