Ngozi Juu ya Tembe

Kule Ipagala, enzi za Mjerumani, reli ilipokuwa bado ngeni na ng'ombe wakitimka kila gari moshi lilipopiga mluzi, kulikuwa na ngozi moja ya ng'ombe iliyoanikwa kila alasiri juu ya tembe la Ndahani. Mpita njia akiiona alidhani wenyewe wanakausha ngozi yao. Hata Ndahani, mwenye tembe, mwenye ng'ombe na mwenye sauti kubwa kuliko wote pale nyumbani, aliipita kila siku. Hakuwahi hata siku moja kujiuliza kwa nini ngozi iliyokwisha kukauka zamani inaendelea kupandishwa juani.

Siri ile walikuwa nayo watatu tu: mke wake, binti yake Raheli, na kijana wake mdogo, Matonya.

Ngozi yenyewe ilikuwa ya ng'ombe mweusi tii. Upande mmoja manyoya meusi, upande wa pili umekwanguliwa mpaka umekuwa mweupe. Na tembe la Kigogo, kwa asiyelijua, lina paa bapa la udongo. Unapanda, unatembea juu yake, unaanika mtama wako na mlenda wako, na mtu aliye mbali anakuona vizuri tu. Matonya alikuwa akichunga kwenye kilima cha mawe upande wa mashariki. Jua likianza kuteremka, alipanda juu ya jiwe akatazama nyumbani. Akiona weupe, maana yake baba ni mzima leo, shuka uje ule. Akiona weusi, baba amelewa: waache ng'ombe waingie zizini wenyewe, wewe pitia kwa jirani ulale huko huko. Mama ndiye aliyeibuni alama hiyo, akawafundisha wanawe huku anacheka, kana kwamba ni mchezo wa kitoto.

Watu walisema Ndahani hakuwa hivyo zamani. Walisema aliharibikia kwenye ujenzi wa reli, alikolazwa chini akachapwa viboko ishirini na tano, ile hamsa ishirini yao, mbele ya vijana waliokuwa wakimwamkia asubuhi. Inawezekana. Lakini jamani, waliochapwa walikuwa wengi, na si wote waliorudi nyumbani kumalizia hasira kwa wake zao! Tuyaache hayo.

Basi siku moja Ndahani alirudi mapema kutoka kwenye pombe, macho mekundu. Mama akapanda juu upesi, akageuza ngozi weusi ukae juu, akashuka. Raheli alikuwa kisimani. Huku nyuma chamchela ikaja, ile inayozunguka na vumbi mpaka huoni mbele. Ilipita juu ya tembe, ikainyanyua ngozi kavu kama ungo, ikaipindua, ikaenda zake.

Matonya kule kilimani akaona weupe. Akashuka anaimba.

Raheli aliporudi na mtungi kichwani alikuta mambo yamekwisha kuharibika. Baba alikuwa amemrukia mtoto kwa sababu ambayo hata mwenyewe baadaye hakuweza kuitaja. Mama aliingia katikati, akasukumwa, akaangukia jiwe la kusagia kwa ubavu. Aliinuka, akatabasamu, akasema si kitu. Lakini tangu jioni ile hakupumua vizuri tena, na kabla mwezi haujaandama alikuwa amezikwa. Msibani watu wakasema ni homa ya kifua. Wote walisema hivyo, wakubwa kwa wadogo, wakitazama chini. Raheli akanyolewa kichwa pamoja na wafiwa wenzake, na yale maneno "homa ya kifua" yakamkaa kooni. Hayakushuka wala hayakutoka.

Baada ya msiba, Matonya akaacha kurudi nyumbani.

Kila jioni ng'ombe waliteremka wenyewe, wakaingia zizini, mchungaji wao asionekane. Kwa jirani hakwenda. Alilala kilimani, kwenye pango dogo katikati ya mawe, na nchi ile ina fisi, tena fisi wasio na haya. Raheli alikuwa amekwisha kuvunja ungo, binti wa kuposwa, lakini kila alasiri alifunga ugali wake kwenye kitambaa, akachukua na kibuyu cha maziwa ya mgando, akapanda kilima kama mchunga mbuzi.

"Kula," alimwambia. "Wewe ndiye uliyekuwa ukimaliza chungu cha mlenda mpaka mama anasema una tumbo la kukodi. Leo unadonoa kama kuku?"

Matonya alicheka kidogo, akadonoa tena.

"Mbona natandaza weupe, husogei? Jana alikuwa mzima. Juzi alikuwa mzima."

Mtoto akaweka tonge chini. Kisha yale aliyokuwa ameyafungia yakamtoka yote kwa pamoja. "Dada, ni mimi niliyemuua mama. Mama aliweka weusi, najua aliweka weusi, mimi nikaona vibaya. Nilikuwa na njaa. Nikaona weupe kwa sababu ya njaa."

Eh! Raheli alihisi kama amemwagiwa maji ya baridi. Kumbe muda wote ule, usiku na mchana, mtoto wa miaka tisa alikuwa amejibebesha mzigo ule peke yake. Alimvuta, akamkumbatia na harufu yake yote ya ng'ombe na moshi.

"Sikiliza, mdogo wangu. Hukuona vibaya. Nilipotoka kisimani niliitazama ngozi, ilikuwa weupe, imejikunja pembeni mwa paa. Ni chamchela iliyoigeuza. Macho yako ni mazima kabisa."

"Kweli?"

"Kweli tupu. Wewe huna kosa, na upepo hauna kosa. Mwenye kosa tunamjua."

Matonya alilia mpaka akachoka. Alipochoka akajifuta kamasi kwa mkono, akauliza swali ambalo Raheli hakuwa amelitegemea.

"Sasa nikiona weupe tena, nitajuaje kama ni wewe au ni upepo?"

Raheli alikusanya kitambaa na kibuyu. Aliteremka kilima jioni ile huku lile swali linamfuata mgongoni.

Palikuwa na mahali pamoja tu pa kumpeleka: Zuzu, kwa mjomba wao Sila, kaka yake mama. Lakini watoto ni wa baba yao, kila mtu alilijua hilo. Mjomba asingeweza kuwapokea kama watu waliotoroka, baba yao akaja nyuma na rungu na wazee wote upande wake. Ruhusa ilibidi itoke kwa Ndahani mwenyewe. Na fisi wasingemngoja Ndahani ajirudi.

Asubuhi yake Raheli alimkuta baba amekaa nje anachonga mpini wa jembe. Hakuwa amelewa. Mikono yake ilikuwa imetulia, na akiwa hivyo alikuwa mtu wa kawaida kabisa, tena mzuri wa sura.

"Baba, naomba nimpeleke Matonya kwa mjomba."

"Watoto wangu hawalelewi kwa watu," Ndahani alisema bila kuinua macho. "Atarudi. Njaa itamrudisha."

Hapo Raheli akachemka. Alikuwa amelelewa kutomjibu mkubwa, lakini mdomo ulikwisha kufunguka. "Baba, ile ngozi juu ya tembe unajua ni ya nini?"

"Ngozi gani?"

"Ile nyeusi. Mama alikuwa akiiweka weupe ukiwa mzima, ili Matonya aje nyumbani. Ukilewa aliweka weusi, ili asije. Tangu mtoto aanze kuchunga. Siku ile aliweka weusi, chamchela ikaigeuza, mtoto akaja. Sasa mtoto anasema yeye ndiye aliyemuua mama yake. Anasema hivyo, baba, na wewe unachonga mpini!"

Alifumba macho akingojea kofi. Halikuja. Alipofumbua, baba yake alikuwa ameinua uso anaitazama ngozi juu ya paa kama mtu anayeiona kwa mara ya kwanza. Kisu kilikuwa kimemwanguka mchangani.

"Kila siku?" aliuliza.

"Kila siku."

"Nilikuwa naipita," akasema. "Nilikuwa naipita pale kila siku." Raheli alingoja ruhusa, akachoka kungoja, akaenda kutwanga mtama kwa hasira mpaka mchi ukamchubua viganja.

Ilipofika alasiri, harufu ya pombe mpya ya uwele ilikuwa inatoka kwa jirani mwingine, ile harufu ambayo Raheli aliichukia kuliko ya mzoga. Vijana walikuwa wamekwisha kuanza ngoma. Alijua jioni ile itakuwaje. Akafunga chakula haraka haraka, na kwa haraka ile akasahau kupanda kuigeuza ngozi. Alikumbuka akiwa tayari juu kilimani, amekaa na mdogo wake juu ya lile jiwe.

"Masikini mimi! Nimeiacha weupe," alisema.

"Si neno, mimi siendi hata hivyo," Matonya akamjibu mdomo umejaa. Siku ile alikuwa anakula afadhali kidogo. Kisha akaacha kutafuna. "Dada, baba yuko juu ya tembe."

Kweli. Mtu alikuwa amesimama juu ya paa lao, na kwa mabega yale hakuwa mwingine. Raheli alidhani baba amekwenda kuichana ngozi, au kuitupa, au kuikalia apate kuwanasa watoto kama wanavyonaswa ndege. Akamshika mdogo wake mkono, tayari kukimbia.

Ndahani aliinama. Akaishika ngozi kwa pembe mbili, akaigeuza. Weupe ukapotea, weusi ukakaa juu. Akaunyoosha vizuri kwa viganja, polepole, kama mama alivyokuwa akifanya. Halafu akashuka.

"Amelewa?" Matonya alinong'ona.

"Hapana. Tazama anavyotembea."

Hakuwa ameonja hata tone. Hatua zake zilikuwa zimenyooka. Walimwona akizunguka nyuma ya zizi, akarudi ameinama na kitu kizito mikononi, akapanda nacho. Lilikuwa jiwe. Akaliweka kwenye pembe ya ngozi. Akashuka tena, akaleta jingine. Alipanda na kushuka mpaka kila pembe ikawa na jiwe lake, na upepo wa Ugogo, hata ungekuja na chamchela zake zote, usingeweza kuipindua ngozi ile. Alipomaliza alisimama, akageukia kilimani. Kule juu walikuwa wadogo mno, na jua lilikuwa usoni mwake, huenda hakuwaona. Alikaa hivyo kwa muda, mikono inaning'inia tu.

Kisha akashuka, akaelekea kwa jirani, kwenye pombe.

Raheli alilia. Alilia kwa hasira, kwa sababu mtu aliyeweza kupanda na mawe yale angeweza pia kugeuza miguu yake asiende kule. Alilia na kwa huruma, na huruma ile ikamkasirisha zaidi. Matonya hakulia. Alikuwa anaitazama ngozi, macho kayakaza.

"Hii si upepo," alisema.

"Si upepo."

"Basi anasema tusirudi."

"Ndiyo, mdogo wangu. Ametupa ruhusa."

Wakawateremsha ng'ombe mpaka chini ya kilima. Matonya aliwapiga makofi ya mgongoni mmoja mmoja, akiwaita majina. Ng'ombe wakashika njia yao ya kila siku kwenda zizini. Wao hawakuwahi kufundishwa habari za ngozi. Watoto wakashika njia nyingine, wakapita Kikuyu, wakaifuata reli kuelekea Zuzu. Njiani gari moshi likapita na kishindo chake, Matonya akajificha nyuma ya dada yake, kisha akajifanya alikuwa anafunga mgolole wake begani. Raheli akamtania mpaka wakafika.

Mjomba Sila aliwapokea kwa kelele na machozi. Kesho yake akaenda Ipagala kusema na shemeji yake, fimbo mkononi na maneno mdomoni. Alirudi jioni, mpole, ngozi nyeusi imekunjwa begani.

"Sikupata wa kugombana naye," alisema. "Nilimkuta amekaa zizini. Kanyoa kichwa upya, kama siku ya msiba. Akaniambia, hii ni ya mama yao, wapelekee. Akaniambia nisiwaruhusu kurudi hata akija mwenyewe kulia mlangoni."

Raheli hakumsamehe. Nisiwadanganye, hakumsamehe siku ile, wala mvua zilizofuata. Lakini ngozi aliipokea kwa mikono miwili, akaibeba mpaka kwenye kona waliyopewa kulala.

Matonya akaja, akaishika pembe moja, akasita. "Dada, nitandike upande gani juu?"

"Wowote."

"Hata weusi?"

"Hata weusi. Hapa ni ngozi ya kulalia tu."

Aliwaza kidogo. Akaweka manyoya juu kwa kuwa yana joto, akajinyoosha, akaingiza pua kwenye manyoya yale kutafuta harufu ya mama. Kule jikoni mkazamjomba alikuwa ndiyo kwanza anasonga ugali, na mlenda unachemka. Alipowaita waje kula, Matonya alikuwa amelala fofofo, mdomo wazi, mikono na miguu imetawanyika kila upande.

"Nimwamshe?" aliuliza mkazamjomba. "Chakula kitapoa."

"Mwache," alisema Raheli. "Atakula kesho."