Mgomba Uliozikwa na Tunguu Lake

1.

YAH: MSWADA WAKO

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Kamati imeupitia mswada wako na imeridhishwa na sehemu ya vita vya Kagera. Hata hivyo, kuanzia sura ya tano mgomba unaota juu ya kaburi, unavaa buti na kuanza safari ya kurudi nyumbani. Unaombwa uchague: historia au mazingaombwe. Vyote viwili kwa pamoja vitamchanganya msomaji.

2.

Umeona? Vitamchanganya msomaji. Ndiye wewe huyo, mtu mzima na akili zako timamu. Basi kaa usikie, kisha uamue mwenyewe kama umechanganyikiwa.

Mwandishi anaitwa Kokushubira. Kaka yake, Mutayoba, alichukuliwa mgambo mwaka wa vita, akaacha jiko la mama yake limeezekwa upande mmoja. Vita vikaisha. Wenzake wakarudi, wengine kwa miguu, wengine wamebebwa.

Yeye

3.

TAARIFA KWA FAMILIA

Mtajwa hajulikani alipo. Familia inashauriwa kuendelea na taratibu zake.

4.

Taratibu.

5.

Taratibu za ukoo ule ni hizi. Maiti isipopatikana, unazikwa mgomba. Shina linakatwa, linavishwa sanda, linalazwa kaburini, na watu wanalia kilio cha kweli. Sharti ni moja: likatwe juu ya tunguu, lile bonge la chini linalochipua, lisiende na mizizi yake, maana mgomba wenye tunguu haujafa.

Baba mtu, Ta Rugaimukamu, alikataa msaada. Alisema mwanawe hatashikwa na mikono ya watu. Akaingia migombani peke yake na jembe, akiwa hana akili yake, akarudi amebeba mgomba mzima.

6.

(Msibani, nyuma ya jiko.)

— Mbona una mizizi?

— Nyamaza, mzee atasikia.

— Utaota huo.

— We, mwambie basi. Nenda ukamwambie.

7.

Hakuna aliyekwenda. Wewe ungekwenda?

8.

Kaburi la mgomba halichimbwi kwenda chini sana. Mvua zikanyesha. Ukaota.

Ma Koburungo, mama mtu, aliliona lile chipukizi asubuhi anakwenda kuteka maji. Aliweka ndoo chini. Akaingia ndani, akavua kaniki ya msiba, akavaa gauni lake la kanisani.

“Aliyekufa haoti,” akasema. Na tangu siku hiyo alimkataza kila mtu kumwita mwanawe marehemu.

Mumewe alichukua panga akaukata. Ukaota. Akaukata tena, safari hii analia, anaomba msamaha, sijui anamwomba nani. Ukaota. Wakaishi nyumba moja, vitanda mbalimbali, mpaka mzee akafa. Kosa la kushika jembe badala ya panga, bwana, likavunja ndoa ambayo vita havikuigusa.

9.

Jinsi Kokushubira alivyojaribu kuandika historia tupu:

Mutayoba alikufa.

Mutayoba huenda ali

Mutayoba

10.

Bwana Mhariri,

Mimi sikuchanganya kitu. Nilivikuta vimechanganyika uani kwetu. Historia ilisema hajulikani alipo, ikaenda zake. Haikulala pale, haikumsikia mama akizungumza na majani asubuhi. Mgomba ndio uliobaki naye. Ukinitaka niuondoe, unanitaka nimzike kaka yangu mara ya pili, na safari hii nikate vizuri. Siwezi. Nampenda, na simkumbuki sawasawa, nilikuwa mdogo. Hicho ndicho kinachoniuma kuliko

(Haikutumwa.)

11.

Mama yuko kitandani sasa. Hospitali wamesema arudi nyumbani apumzike, na wewe unajua maana yake. Amesikia bintiye ameandika habari za Mutayoba.

“Nisomee anavyorudi,” akasema. “Huko kwingine nakujua.”

Kokushubira akasoma. Mutayoba anavuka mto, buti zimejaa udongo, majani yameota mabegani. Watoto wa njiani wanamsalimia shikamoo. Anafika uani. Anabisha.

Hodi.

Kimya. Nyumba ni tupu. Mutayoba anasimama mlangoni mpaka mizizi inamshika miguu. Mwisho.

Alipouandika mwisho huo aliona ni mzuri sana. Waandishi wanapenda nyumba tupu, Mungu awasamehe.

“Mimi nilikuwa wapi?” mama akauliza.

“Mama?”

“Siku mwanangu anarudi. Nilikuwa nimekwenda wapi?”

Kitabuni, mama alikuwa amekwisha kufa. Kokushubira aliitazama karatasi, asijue pa kuificha.

“Sijalala nje ya nyumba hii tangu aondoke,” mama akasema polepole. “Hata harusi yako sikuja, nikijua utalia. Nilisema, akija asinikute? Sasa anabisha, halafu mimi sipo?”

12.

Binti alikuwa hajawahi kuambiwa sababu hiyo. Aliolewa akidhani hapendwi.

13.

“Upo, mama,” akasema. “Nilikuwa sijafika hapo.”

Akafunua ukurasa. Ulikuwa mweupe. Akasoma:

“Ma Koburungo alikuwa jikoni. Aliposikia hodi, aliacha mwiko kwenye chungu, akasimama, akasema...”

Akamgeukia mama.

“Unasema nini, mama?”

Mama alifumba macho. Midomo ilicheza kidogo, ikatulia. Chozi likashuka upande wa sikio.

“Ngoja,” akasema. “Sauti yake nimeisahau. Mwambie abishe tena.”

Kokushubira akajifuta uso. Akaifanya sauti yake nzito, kadiri alivyoweza.

“Hodi.”