Mahari ya Mburu

Mwalimu Barnabas alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa: hakuweza kuona kosa la Kiswahili akalipita. Miaka minne tangu atoke Bungoma kuja kufundisha Othaya, wino wake mwekundu ulikuwa unaishia kwa herufi mbili tu, L na R. Watoto wake wa Gredi ya Sita walirara badala ya kulala, na wazazi wao walienda kupiga kula badala ya kura. Siku moja aliinuka kwenye kibanda cha chai akasahihisha bango ukutani, lililosema leo kuna mahalagwe. Mwenye kibanda akamwambia anywe chai yake au atoke.

Na huyo ndiye mtu aliyemeza neno moja zima zima bila kulitafuna, eti kwa sababu limetoka kwa Mburu. Wivu ni kitu cha ajabu, jamani. Unaweza kumtoa mtu elimu yake yote kwa dakika moja.

Nianze na Shiku. Shiku alikuwa na duka la mbegu na dawa za mifugo karibu na soko, na alikuwa mchumba wa Barnabas kwa miaka miwili, kama unaweza kumwita mchumba msichana ambaye hujawahi kufika kwao. Na kwao si mbali, ni mwendo wa miguu tu kutoka dukani. Lakini kila alipomuuliza ataleta wazee lini, Barnabas alikuwa na sababu. Mara mjomba ni mgonjwa, mara shule zinafunguliwa, mara mvua imezidi. Mwishowe Shiku aliacha kuuliza, na Barnabas, na hekima yake yote, akadhani ameridhika.

Jumamosi Shiku alikuwa mtu wa baiskeli. Alikuwa akitoka na Mburu, fundi wa baiskeli pale stendi, mtu mwembamba wa maneno machache, aliyezijua barabara zote za majani chai mpaka ukingoni mwa msitu, hasa zile ambazo magari hayafiki. Walirudi adhuhuri wakiwa na matope mpaka masikioni, wakicheka mambo ambayo Barnabas akielezwa hakuona yanachekesha wapi. Hapo ndipo wivu ulipoanza kumla, polepole.

Mwezi wa nne alikubali kwenda nao. Alitoka kwa majigambo. Kwetu Bungoma, alimwambia Mburu, baiskeli ni kama kiatu, mtu hafundishwi. Ni kweli, lakini Bungoma ardhi imelala, na huku Othaya Mungu aliikunja akasahau kuikunjua. Mlima wa kwanza ulimmaliza. Kisha lori la majani chai likampita karibu, akaingia mtaroni. Lakini kilichomuuma hasa hakikuwa mtaro. Mburu alirudi nyuma, akamwekea kiganja mgongoni, akamsukuma mpaka juu, huku yeye mwenyewe akiendesha kwa mkono mmoja na kupiga mluzi. Mbele ya Shiku! Tangu siku hiyo Barnabas alisema baiskeli ni mchezo wa watu wasio na kazi, na kila Jumamosi alikaa nyumbani akisahihisha madaftari na kuangalia saa.

Basi Ijumaa moja ya mwezi wa saba, wakati wa baridi ile ya ukungu, Barnabas alipitia dukani baada ya shule. Shiku alikuwa akimpimia mteja chakula cha kuku. Simu yake ilikuwa kwenye kaunta, ikawaka. Barnabas hakuishika, hilo nitamtetea. Aliinama tu, kama mtu anayefunga kamba ya kiatu, akasoma.

"Shiku nimepata mahari. Ni safi sana utapenda. Kesho twende uone na macho yako. Mwarimu asijue bado."

Ilitoka kwa Mburu. Yale maneno ya mwisho Barnabas aliyasahihisha kichwani bila hata kutaka: Mwalimu, si Mwarimu. Lakini neno la tatu lilimpita likaenda moja kwa moja moyoni. Mahari! Fundi wa baiskeli amepata mahari, na anampeleka msichana akaione kwa macho yake. Shiku alipomuuliza mbona anapangusa macho, alisema ni vumbi la chakula cha kuku.

Hakupata hata lepe la usingizi. Gizani aliwaona mbuzi wa mahari ya Mburu waziwazi, wanono, wamejipanga zizini, na Shiku akiwapapasa migongo mmoja mmoja. Kufika asubuhi alikuwa ameshawapa majina.

Saa moja alikuwa stendi, mbele ya karakana ya Mburu, na baiskeli aliyoazima kwa mwalimu mwenzake Samuel.

"Mwalimu?" alisema Shiku, aliyekuwa ameshafika. "Si uliapa hutaki tena?"

"Nimeamua kunyoosha miguu."

Shiku na Mburu wakatazamana. Ilikuwa kidogo tu, lakini Barnabas aliona.

"Sasa imeharibika," Mburu alinong'ona, akitabasamu.

"Imeharibika nini?"

"Hakuna kitu, Mwarimu. Twende."

Walifuata barabara kubwa kidogo, kisha wakaingia njia ya udongo katikati ya majani chai. Mburu na Shiku mbele, Barnabas nyuma. Ukungu ulikuwa umekaa juu ya chai na kila jani lilikuwa na maji. Walipofika ukingoni mwa msitu walikuta gogo kubwa limelazwa njiani kuzuia malori, wakainua baiskeli wakaliruka. Ng'ambo ya gogo barabara ilinyooka, tambarare, udongo laini uliofunikwa na majani makavu, na miti mirefu pande zote mbili. Hakukuwa na gari, hakukuwa na pikipiki, hakukuwa na mtu. Ulisikia minyororo ya baiskeli tu, na ndege. Halafu miti ikafunguka, na kulikuwa na maji, ziwa dogo jeusi lililotulia, na baada ya kona lingine kubwa zaidi.

Mimi ningeshuka nikakaa hapo mpaka jioni. Barnabas hakuona ziwa wala mti. Aliona mgongo wa Mburu. Alikuwa ameendesha saa nzima bila kushuka ila pale kwenye gogo, na hilo pia hakuliona.

"Unaona vile iko?" Mburu alimwambia Shiku huko mbele. "Na bado hujaona yote."

"Ni zaidi ya vile nilifikiria," Shiku akasema, na sauti yake ilikuwa na furaha ambayo Barnabas hakuwa ameisikia kwa muda mrefu.

Hapo maji yakazidi unga. Barnabas akawapita, akasimamisha baiskeli mbele yao kama polisi wa barabarani.

"Wako wapi?"

"Nani?" Mburu akauliza.

"Mbuzi."

Mburu akaangalia kulia na kushoto. Alikuwa mtu wa adabu, alitafuta kweli. "Huku hakuna mbuzi, Mwarimu. Askari wa msitu watawashika."

"Usinifanye mtoto. Nimesoma meseji yako. Umepata mahari, mimi nisijue. Basi nimejua. Nionyeshe."

Mburu alinyoosha mkono akauzungusha taratibu, maji, miti, barabara. "Si ndiyo hii?"

Shiku ndiye aliyeelewa kwanza. Uso wake ulibadilika, akashuka kwenye baiskeli.

"Mahali," alisema polepole, akiikaza L kama alivyofundishwa. "Mahali pa wewe kuendesha. Hakuna mlima, hakuna lori. Nilimwomba Mburu atafute tangu ule mwezi wa nne uliaibika. Nilikuwa nikulete shule zikifungwa."

Mburu alianza kucheka, akaona uso wa Shiku, akaacha. "Mimi niko na bibi, Mwarimu," alisema. "Na watoto watatu. Mmoja unamfundisha." Akaenda zake kando ya maji, akajifanya anaangalia mnyororo.

Barnabas alisikia mzigo umemshuka mabegani. Akacheka, akacheka mpaka machozi, akainua mkono kushika wa Shiku. Shiku hakuwa anacheka.

"Kumbe hilo neno unalijua," alisema.

"Neno gani?"

"Mahari. Miaka miwili sijawahi kulisikia kwa mdomo wako. Nikawa nafikiria ati pengine kwenu hakuna. Leo umelisema, na ukalisema kwa hasira, na ni mahari ya mtu mwingine."

"Shiku, nitakuja. Mwezi wa nane. Nampigia mjomba sasa hivi, hapa hapa."

"Unasema hivyo kwa sababu ya Mburu."

"Si kwa sababu ya Mburu."

"Sawa. Mburu asingeandika hiyo meseji, ungekuja kwetu lini?"

Barnabas alifungua mdomo. Alitafuta tarehe, akatafuta mwezi, akatafuta hata mwaka. Shiku alimngoja, alimngoja kuliko vile mimi ningemngoja. Kisha akavaa helmeti yake, akafunga kamba chini ya kidevu, akapanda baiskeli.

"Barabara ni yako," alisema. "Nilikutafutia wewe. Iendeshe."

Akageuza kurudi kule kwenye gogo, kwenye milima, na alikuwa akienda kwa kasi ambayo Barnabas alijua kabisa hana miguu ya kuifuata. Alimtazama mpaka akapotea nyuma ya miti. Ndipo akamgeukia Mburu, yule yule Mburu, na ilimchoma kumwomba.

"Wewe unaweza kumfikia. Mkimbilie, umwambie aningoje."

Mburu alikuwa tayari ameshapanda baiskeli, mguu mmoja chini.

"Nitamfikia," akasema. "Nimwambie ni lini?"