Awe na Jina, Asiwe na Miguu

Mchagua jembe si mkulima, wanasema watu. Watu hao hawajawahi kukaa sebuleni kwa bingwa wa ngumi siku ya kuchagua mpinzani. Pale jembe hugeuzwageuzwa, huulizwa limelima wapi na mpini wake ulivunjika lini, na likionekana bado lina makali hurudishwa dukani upesi.

Siku hiyo walikuwa watatu. Meneja, mnene mwenye simu mbili zisizonyamaza, alikalia kiti kikubwa. Kocha, ambaye pua yake ilishavunjwa mara nyingi hadi akawa anaongea kama mwenye mafua, alisimama dirishani. Mwenye nyumba alijibanza pembeni ya kochi lake mwenyewe kama mgeni aliyekuja kuomba kazi. Jina alilopewa na wazazi wake lilishasahaulika. Hata dada yake alipopiga simu kuomba tiketi alisema, "Hujambo, Bingwa?"

"Pambano la lazima ni mwakani," alisema meneja. "Huko hatuna ujanja, shirikisho litatuletea yule kijana wao anayepiga kama ana deni na dunia. Hili la sasa ni la hiari. Tunachagua wenyewe."

"Na kanuni ni ileile," kocha akadakia. "Awe na jina, asiwe na miguu."

Maana yake ni mtu ambaye watu wamemsikia, ili ukumbi ujae, lakini umri umeshamfikia magotini, ili asilete fujo. Na asiwe wa mkono wa kushoto, maana hao huvuruga hesabu za yeyote. Mabingwa wote hufanya hivyo. Anayekwambia hafanyi, muulize mkanda wake wa ubingwa uko wapi siku hizi.

Meneja akaanza kutaja watu, na kila aliyetajwa Bingwa alikuwa anamfahamu. Tangu mkewe arudi kwao na watoto, jioni zake zote zilikuwa za kuangalia mapambano ya wengine kwenye televisheni. Alijua nani huhema kwa mdomo raundi zikisogea, nani akiumia humtazama kocha wake, nani hutabasamu pale pigo linapomwingia sawasawa. Wengine aliwazoea hata akawa anawasalimu wanapotokea kwenye kioo. Ndio waliokuwa wageni wake, na hakuna hata mmoja aliyejua kwamba amekuja.

"Namtaka Seremala," akasema.

Simu moja ya meneja ikaita, akaizima.

Seremala alikuwa seremala kweli, na bondia pia. Zamani, Bingwa alipokuwa bado anaupanda mlima wa ubingwa, huyo ndiye aliyeajiriwa kuzichapa naye mazoezini. Walikimbia pamoja alfajiri, wakala sahani moja, wakataniana mpaka kocha akawatenganisha kama watoto wa shule. Kisha siku moja, pambano kubwa likiwa limekaribia, ngumi ya Seremala ikampasua Bingwa nyusi, na meneja akamfukuza palepale. Bingwa alikuwa ulingoni damu ikimchuruzika. Alimwona mwenzake akivua glovu na kutoka, naye akatulia kama maji mtungini. Mwanzoni aliona aibu kumfuata. Baadaye aliona aibu kwa kuwa hakumfuata. Miaka ikaenda hivyo.

"Yule hapana," alisema kocha. "Anakujua mno. Anajua hata ukichoka unakunja uso vipi."

"Jina analo," meneja alisema polepole. "Lakini miguu naona bado ipo."

Bingwa aliona jambo lake linazama. Akatafuta cha kuliokoa, na kilichomjia mdomoni ni kile ambacho hakupaswa kukisema kwa mtu yeyote.

"Bega lake la kulia huchomoka," akasema. "Liliwahi kuchomoka mazoezini, tukalirudisha sisi wawili. Hakutaka mtu ajue, wangemnyima leseni. Likipigwa vizuri, ule mkono haunyanyuki tena."

Kocha akageuka kutoka dirishani, akatabasamu. Meneja akaiwasha simu yake. Hivyo ndivyo Bingwa alivyompata rafiki yake: kwa kumuuza.

Mwenyewe hakuliona hivyo, maskini. Alijiambia kwamba bega hilo hataligusa. Alichokuwa anakiona ni ile siku ya kutangaza pambano, meza moja, wao wawili mbele ya kamera, halafu pembeni kidogo wasalimiane, wacheke, mambo yaanze upya. Alishapanga hata maneno ya kusema. Mtu mzima na akili zake.

Katika kazi hii habari za pambano hupita kwa mameneja, na wakishakubaliana, wapinzani hawaonani mpaka siku ya kamera. Bingwa hakuweza kungoja. Kesho yake mchana aliendesha gari mwenyewe mpaka karakana ya Seremala, akaliacha mbali ili lisimtangulie kwa majivuno.

Karakana ilinuka vanishi na mbao mbichi. Seremala alikuwa ameinamia ubao mpana, akiupiga randa, na maranda yamemfika kwenye vifundo vya miguu. Nywele zilishaingia mvi.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba." Randa haikusimama. "Umenenepa."

"Kidogo."

"Kaa. Si hapo, hapo pana gundi, utatoka na stuli."

Bingwa akakaa pengine. Kifua chake kilijaa furaha. Ilikuwa muda mrefu tangu mtu amwambie kwamba amenenepa.

"Kitanda cha nani hicho?"

"Cha maharusi. Wanataka kisipige kelele. Nimewaambia, kutengeneza kitanda ni kazi yangu, kelele ni juu yao."

Bingwa alicheka mpaka machozi yakamtoka. Seremala naye akacheka, na kwa muda mfupi ikawa kama hakuna nyusi iliyowahi kupasuka. Kisha Seremala akaiweka randa chini na kujipangusa mikono kwenye suruali.

"Meneja wangu kapigiwa simu asubuhi."

"Najua. Mimi ndiye niliyekuchagua."

Alingoja shukrani. Seremala aliinamisha kichwa, akaokota kipande kimoja cha maranda sakafuni na kuanza kukikunja vidoleni.

"Nimepigwa pambano la mwisho, na la kabla yake pia," alisema. "Nikawa najiuliza, mkanda umenijiaje? Kumbe nimechaguliwa. Bwana, mimi na wewe tumekulia kwenye kazi hii. Tunajua anayechaguliwa huwa ni mtu wa namna gani."

"Si hivyo."

"Kocha wako hawezi kunitaka bure. Ananiogopa yule. Umewaambia nini mpaka wakakubali?"

Bingwa angeweza kudanganya. Ulingoni alikuwa fundi wa kudanganya: bega linaenda huku, ngumi inatokea kule. Lakini hakuwa amekuja huko kupigana.

"Bega," akasema.

Seremala akaupandisha mkono wa kushoto, akalishika bega lake la kulia.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema Seremala. Hakuwa na hasira, na hilo lilimwumiza Bingwa kuliko matusi.

"Sitaligusa, kaka. Naapa."

"Sasa kwa nini umefanya hivi?"

"Nilitaka tuonane."

Seremala alimkazia macho, kama mtu aliyesikia lakini anataka kuhakikisha.

"Tuonane?" akasema. "Karakana iko palepale. Mlango huo hauna hata komeo. Ungekuja ukapiga hodi, ningesema karibu. Ungekuja tu, bwana."

Bingwa akautazama mlango kama ndiyo kwanza anauona. Na wewe msomaji usimcheke. Mtu akiishi miaka yote hiyo akifuatwa kwa mikataba tu, na yeye akiwaita watu kwa mikataba tu, mambo madogo kama hodi humtoka kichwani. Ukubwa jalala, na kila mtu hutupa chake na kwenda zake.

"Nitamwambia meneja afute," akasema.

"Thubutu!" Seremala alisimama. "Mkanda huo nimeungoja tangu sijaota ndevu. Ukiufuta sitakusamehe. Na ukinihurumia ulingoni, hapo ndiyo usiseme. Mke wangu atakuwa amekaa pale, na wanangu. Wataona kama unanichezea. Ukiliona bega, lipige. Mimi nami najua pa kukupiga."

"Basi nije hata kesho tukae kidogo, kabla ya…"

"Hapana. Jana ungekuja. Mwaka jana ungekuja. Leo umeshakuwa mpinzani wangu, na mpinzani hatembelewi." Alichukua randa, akainamia ubao wake. "Nenda salama. Nina kazi."

Bingwa alikaa kidogo zaidi, akitumaini, kisha akatoka. Maranda yalikuwa yamemganda kwenye viatu.

Wiki iliyofuata kocha alileta bondia mmoja wa kukodi, mrefu kama Seremala, aliyefundishwa kusimama kama Seremala na kutanguliza mkono kama yeye. Kila kambi hufanya hivyo. Unamtafuta mtu afananaye na mpinzani wako, unampiga kila siku mpaka mwili uzoee.

"Begani!" kocha alipaza sauti kwa ile sauti yake ya mafua. "Begani, Bingwa! Mbona unalikwepa?"

Bingwa alipiga mbavu, akapiga tumbo, akapiga hewa. Yule wa kukodi alikuwa anajua kazi yake. Akamrushia konde la shavu lililomtikisa mpaka miguuni, na mkono wa Bingwa ukaondoka wenyewe, bila kumwuliza mwenyewe, ukaenda kutua palepale. Mtu yule akarudi nyuma kwenye kamba, ameshika bega, meno ameyauma.

"Pole," alisema Bingwa. "Umeumia?"

"Usinipe pole, bosi. Ndicho nilichoitiwa."

"Hapohapo!" Kocha alikuwa anapiga makofi. Meneja alisimama mlangoni akicheka, simu sikioni. "Umeona? Sasa tena!"

Bingwa akainua mikono. Alifikiria kushuka ulingoni, lakini huko chini hakukuwa na mtu wa kumwendea. Akapiga tena, na tena, mpaka kocha aliporidhika. Jioni alipokuwa peke yake akifungua bandeji za mikono ndipo moyo ulipomwuma hasa, maana hakuwahi kupiga pigo lolote vizuri namna ile.