Tepe za Wageni

Saa nne na nusu asubuhi, Jumapili ya pili ya mwezi wa kwanza, mpokeaji wageni mwenye glovu nyeupe alimbandika Bi Ivorine Facey utepe wa manjano kifuani na kumwambia, "Karibu sana kanisani kwetu, Mama. Jisikie uko nyumbani."

Bi Ivy alishukuru. Utepe huo aliukata mwenyewe siku ya Alhamisi, akaupinda ukingo, akaushona kwa mkono pamoja na wenzake kumi na mmoja, kisha akazipanga zote kwenye kopo la biskuti pale mlangoni. Tepe zote za wageni za Kanisa la Kibaptisti la Mtaa wa Temperance, hapo Kingston, alizishona yeye. Alikuwa akizishona kwa miaka kumi na mmoja, na miaka hiyo yote alikuwa mgeni.

Alikwenda kukaa kwenye benchi la nyuma, chini ya feni isiyozunguka. Mbele yake wanachama walikuwa wakiingia na kofia zao, kila mmoja kwenye nafasi yake, maana katika kanisa hilo ni afadhali ukalie sahani ya mtu kuliko nafasi yake ya benchi. Safu ya tatu, upande wa dirisha, alikaa Shemasi Eustace Minott, kofia yake gotini. Alikuwa amefariki miaka kumi na tisa iliyopita.

Hakuwa peke yake. Marehemu walikuwa kumi na wanne, na sababu yao ilikuwa ya kiutaratibu. Ili jina litoke kwenye daftari la wanachama, mmoja sharti atoe hoja na mwingine aiunge mkono, na hakupata kutokea mtu wa kusimama mbele ya kadamnasi na kutoa hoja kwamba mama yake afutwe. Basi majina yalibaki, na kwa kuwa yalibaki, wenye majina waliendelea kuja. Hawakumsumbua mtu. Waliimba kwa sauti ya chini, wakachangia vitabu vya nyimbo na walio hai, na kwenye vikao walisaidia kutimiza akidi.

Bi Ivy yeye hakuwa kwenye daftari. Sheria ilisema mtu anayetoka kanisa jingine alete barua kutoka huko alikotoka, na yeye alitoka Shiloh, kanisa dogo la mbao kule milimani Portland. Mwaka wa kile kimbunga mto uliamka na hasira zake, ukalibeba kanisa zima zima, kengele, mabenchi, daftari na muhuri, ukalipeleka baharini. Mtu hakuzama hata mmoja, kwa sababu ilikuwa Jumanne. Lakini waumini walitawanyika, wakazeeka, wakafa mmoja mmoja vitandani mwao. Wa mwisho alikuwa katibu, Ndugu Cleveland Swaby. Bi Ivy akashuka Kingston kuishi kwa mpwa wake, akabisha hodi Mtaa wa Temperance.

"Tutakupokea kwa barua, Bi Facey," aliambiwa siku hiyo na Dada Hyacinth Dacres, katibu wa kanisa, mwanamke mwenye miwani ya mnyororo na moyo mzuri uliofungiwa kabatini pamoja na mafaili. "Kama barua haipo, tutakubatiza upya."

"Nilibatizwa mtoni nikiwa na miaka kumi na minne," alijibu Bi Ivy. "Nikirudia, si nitakuwa namwambia Mungu ile ya kwanza haikushika?"

Hapo mambo yakakwama. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe Bi Ivy alipewa. Alifagia, alifuta mabenchi, alishona tepe, alipika wali wa maharage siku za misiba. Kilichobaki mikononi mwa wenyeji ni ule udugu. Wanachama huitana Ndugu na Dada. Yeye alikuwa Bi Facey.

Angeweza kuyavumilia yote hayo. Lililomuuma lilikuwa moja, Jumapili ya Kuitwa Majina, ile ya kwanza ya Februari. Siku hiyo daftari hufunguliwa, katibu huita kila mwanachama kwa jina, na kila anayeitwa husimama akajibu kwa aya aliyoichagua. Bi Ivy alikuwa na aya yake, ile ya shomoro aliyepata pa kujenga. Aliichagua mwaka wa kwanza na alikuwa akiisema peke yake jikoni huku akimenya ndizi. Alikuwa na miaka sabini na sita. Alitaka kuisema mara moja kwa sauti, akiwa ameitwa.

Alhamisi iliyofuata, alipokuwa akifuta mabenchi, alimkuta Shemasi Minott keshakaa. Shemasi alipenda kuwahi ibada, na tangu afe alikuwa akiwahi zaidi.

"Inua miguu, Shemasi."

Akainua. "Mbona uso umekukunjamana hivyo, Bi Ivy? Nani kakuibia?"

"Nina haki ya kununa. Wiki tatu hazijaisha watasoma majina. Watasoma la kwako, wewe ambaye pumzi huna."

"Pumzi ya aya moja ninayo."

"Aya yenyewe ni ile ile ya mwaka juzi!"

"Ndiyo niijuayo," alisema Shemasi bila kuona haya. Kisha akajikuna kidevu. "Tatizo lako si barua? Barua si ipo Shiloh?"

"Shiloh iko chini ya bahari."

"Najua iliko. Kila Jumapili wanaimba, tunawasikia sisi wa chini ya udongo. Besi yao inaburuta kidogo, ila watu wazuri. Nitampelekea salamu katibu wao."

Bi Ivy alimfutia vumbi kofia, akasema haya, asisahau.

Hakusahau. Jumapili ya mwisho ya Januari, kabla kengele haijalia, watu thelathini na mmoja walipanda ngazi za kanisa wakichuruzika maji ya chumvi. Walivaa suti na kofia zao za Jumapili, na mwani ulikuwa umewatanda mabegani. Mbele alikuwa Ndugu Swaby, bahasha mkononi. Mpokeaji wageni alifurahi mno. Alibandika tepe kumi na mbili, kopo likaisha, akaenda mbio kutafuta karatasi za manjano. Dada Hyacinth alileta mataulo ya chumba cha ubatizo, akayatandika kwenye mabenchi ili varnishi isiharibike.

Mchungaji Lascelles Whyte, mtu mpole aliyependa amani kuliko majibu, aliwaomba wageni wasimame. Mabenchi matano ya nyuma yakasimama. Kwaya iliimba wimbo wa kukaribisha, beti zote nne, na watu wakageuka kuwapungia mikono. Wazee walikiri kwamba kanisa halijapata wageni wengi hivyo tangu kuwekwa kwa kinanda. Besi yao, kweli, iliburuta.

Baada ya mkate mtamu na jibini huko ukumbini, saa saba mchana, watu walirudi kanisani na kikao cha wanachama kikaanza. Walizungumzia rangi ya lango. Walizungumzia feni. Kisha wakafika kwa Bi Facey, na Ndugu Swaby akasimama nyuma na bahasha yake.

Dada Hyacinth akamtazama juu ya miwani. "Samahani, Ndugu. Wewe ni mwanachama?"

"Wa Shiloh, Dada."

"Basi ni mgeni wetu, na tumefurahi kukuona. Lakini mgeni hasemi kikaoni mpaka kikao kimruhusu."

Hoja ya kumruhusu ikatolewa, ikaungwa mkono, ikajadiliwa dakika arobaini. Aliruhusiwa kusema dakika mbili. Aliisoma barua kwa sauti ya kutulia: kwamba Dada Ivorine Facey alibatizwa Shiloh, aliishi vyema na watu, alifundisha watoto miaka ishirini, na kwamba kanisa linamwachia kwa huzuni na kumkabidhi kwa ndugu wa Kingston kwa upendo. Wino ulikuwa safi. Muhuri ulikuwepo. Bi Ivy, kwenye benchi la nyuma, alishika leso kwa mikono miwili.

"Anwani ya kanisa?" aliuliza Dada Hyacinth, kalamu tayari.

"Baharini, mkabala na mji wa Buff Bay. Ukishuka, fuata kengele."

"Kwenye orodha ya makanisa ya mwaka huu siwaoni."

"Tulifutwa, Dada. Ila ibada hatujakosa hata Jumapili moja."

Hakuna aliyelitilia shaka hilo. Mchungaji aliangalia saa, kisha dirisha. Bi Ivy akaanza kuamini. Ndipo Shemasi Eustace Minott aliponyanyua mkono kutoka safu ya tatu.

"Natoa hoja jambo hili liahirishwe, kamati ilichunguze."

Marehemu wenzake kumi na watatu waliunga mkono kwa pamoja. Walio hai walishusha pumzi, wakaunga mkono nao.

Kikao kilipofungwa, Bi Ivy alimfuata pale pale kwenye nafasi yake. "Shemasi! Si wewe uliyekwenda kuwaita?"

"Ndiye mimi. Na nakupenda, Bi Ivy, hakuna anifutiaye kofia kama wewe. Lakini barua ya kutoka majini haijapata kupokelewa hapa. Tukianza leo, kesho itatoka wapi?"

"Na wewe ulitoka wapi leo asubuhi?"

"Mimi nimo kwenye daftari," alisema Shemasi, akavaa kofia yake.

Uchungu ulimpanda Bi Ivy. Alitaka kuwaambia wote washone tepe zao wenyewe, na wali wa misiba wajipikie. Badala yake alichukua ndoo na tambara, akaanza kukausha sakafu, kwa sababu maji ya chumvi yakilala kwenye mbao huacha doa. Watu wa Shiloh walikunja mikono ya suti wakamsaidia, ingawa walikuwa wakilowesha kuliko walivyokausha. Dada Hyacinth alipita na funguo zake.

"Bi Facey, hawa wageni wako watarudi Jumapili ijayo?"

"Wanasema watarudi."

"Uzuri ulioje. Basi tutahitaji tepe thelathini na mbili."

"Wao ni thelathini na mmoja, Dada Hyacinth."

"Na ya kwako," alisema Dada Hyacinth kwa upole wa kweli, akamshika bega.

Bi Ivy alishona thelathini na mbili. Alhamisi haikumtosha, akamalizia Ijumaa.

Jumapili ya Kuitwa Majina daftari lilifunguliwa kwenye meza ya mbele, kando ya maua. Dada Hyacinth aliita, watu wakasimama wakajibu, walio hai na wasio hai, kwa mpangilio wa herufi. Shemasi Minott alisema aya yake ile ile, pumzi ikamtosha. Kila jina lilipoitwa, Bi Ivy alichezesha midomo bila sauti. Lilipokuja jina la mwisho na daftari likaanza kufungwa, aliinamisha kichwa.

Nyuma yake karatasi mbichi zilifunuliwa. Ndugu Swaby alikuwa na daftari lake magotini, limevimba kwa maji, kurasa zikishikana.

"Dada Ivorine Facey," aliita.

Hakuwa ameitwa hivyo kwa miaka kumi na mmoja. Alisimama, akaisema aya ya shomoro tangu mwanzo hadi mwisho, kwa sauti, bila kukosea neno. Watu wa Shiloh wakasema amina, na maji yakawatiririka usoni kama kawaida yao. Bi Ivy naye alilia, na hakuyafuta machozi.

Safu za mbele ziligeuka. Dada Hyacinth alitabasamu juu ya miwani yake. "Wageni wetu wapendwa, asanteni. Tunaomba utulivu kidogo, bado tuko kwenye shughuli ya wanachama."

Alifunga daftari. Mchungaji Whyte alisogea mbele ya kipaza sauti, akakunjua mikono, akawaomba wote waliokuja kututembelea leo wasimame tuwaone. Kwaya ikaanza ubeti wa kwanza. Watu thelathini na mmoja wakanyanyuka, na vifuani mwao tepe mpya za manjano zikaanza kulowa.

Bi Ivy hakuwa na haja ya kunyanyuka. Alikuwa bado hajakaa.