Mapigo ya Mchi

Kinu cha Mwajuma kilikuwa kimefunikwa kifudifudi nyuma ya jiko, mwaka wa nne sasa, na kuku walikwisha kukizoea kama kiti chao. Mpunga wake aliubeba kichwani hadi mashineni, mwendo wa asubuhi nzima, na kijiji kizima cha Mahurunga kilimcheka.

"Dada Mwajuma, umekuwa mke wa bwana mkubwa!" Felismina alimtania siku hiyo, akijikalia mkekani kabla ya kukaribishwa. Walikuwa majirani tangu Felismina alipovuka mto Ruvuma na binti yake, wakikimbia vita vya ng'ambo. "Kutwanga kumekushinda?"

"Bega, ndugu yangu. Bega linanisumbua."

Lakini Felismina hakuja kwa ajili ya bega. Mimba ya pili ya binti yake, Amelia, ilikuwa imeharibika.

"Nataka unipeleke kwa yule fundi wako wa Mpapura. Si ndiye aliyemtibu mkweo? Leo mjukuu wako anakimbiza kuku. Jumatatu tutoke."

"Amelia mwenyewe anasemaje?"

"Amelia ana nini cha kusema? Mimi ndiye mama yake."

Mwajuma aliinamisha uso. Maneno hayo aliyajua; yaliwahi kutoka kinywani mwake.

Yule mganga, ambaye watu walimwita fundi, alikuwa mtu wa kanzu safi na sauti ya chini. Siku ile Mwajuma alipompelekea Hadija, mke wa mwanawe, fundi hakumuuliza binti huyo lolote. Alimgeukia Mwajuma: "Mmekubali sharti langu?" Naye Mwajuma akajibu, "Tumekubali," mkwewe akiwa kando yake, ametazama chini. Sharti lilikuwa moja tu: mizizi itwangwe uani muda wote mgonjwa akiwa ndani, na mkono wa anayetwanga usipumzike, la sivyo dawa itakufa. Mlango ukafungwa. Mwajuma akatwanga mpaka mizizi ikawa unga. Ndipo ikatoka sauti: "Mama! Sitaki, mama!" Hadija alifiwa na mama yake angali mdogo, aliyeitwa mama alikuwa mmoja tu, na alikuwa pale uani, mchi mkononi. Akazidisha mapigo.

Wakati wa kurudi Hadija alitembea nyuma, hakutaka waongozane. Halikusemwa neno, wala siku hiyo wala baadaye. Mtoto alipozaliwa mwaka uliofuata, watu walimsifu fundi, na Mwajuma akawaacha wasifu.

"Nipe mpaka jioni," alimwambia Felismina.

Alimkuta Hadija bondeni akipalilia mpunga, mtoto amelala kivulini juu ya khanga.

"Mwanangu, Felismina anataka kumpeleka Amelia Mpapura."

Jembe likatulia. "Umemjibuje?"

"Bado sijamjibu. Siku ile nilikusikia ukiniita."

"Najua, mama."

"Umejuaje? Mimi nilikuwa natwanga."

"Nilipoita, mchi ulinyamaza." Hadija alisema bila hasira, na hilo ndilo lililochoma. "Nikasema moyoni, mama anakuja. Nikavuta pumzi moja, ya pili, ya tatu. Halafu ukaanza tena. Kwa nguvu."

Miaka yote hiyo Mwajuma alijiambia kwamba huenda hakusikia vizuri, kwamba kelele za kinu zilimchanganya. Ukimya ule alikuwa ameufukia mahali ambapo hata yeye hakupatembelea. Sasa viganja vyake vilikumbuka: mchi umesimama juu, mzito, na yeye akiutazama mlango ule wa mianzi, hatua sita tu kutoka alipokuwa. Alikuwa na pumzi tatu za kuchagua.

Neno la kuomba radhi lilimfika kooni, akalirudisha. Aliona kwamba kulitoa hapo ni kumtwika yule binti mzigo mwingine, wa kumfariji mkosaji.

"Amelia haendi," alisema. "Nitamzuia hata kwa kulala njiani. Yangu nitamwambia Felismina: kwamba nilisikia, nikatwanga. Lakini yaliyokupata wewe ni yako. Ungependa niyaseme, au niyaache?"

Hadija alimtazama kama mtu aliyeulizwa njia na mgeni. Ndege walishuka mpungani, wala hakuna aliyewafukuza.

Mwajuma alisimama na mikono yake mitupu, jua likimpiga utosini, akasubiri jibu la Hadija.