Hakimu na Chupa ya Rangi

Sungura wa mama mkwe alipoanza kutembea kichwa upande, nyumba iligawanyika. Mpishi, yaani mwana wa huyo Mama, alisema mnyama aliyepinda shingo hana tiba ila sufuria. Mama akajibu kwamba siku sungura akiingia sufuriani na yeye anaingia, kwa hiyo mwanawe atafute kifuniko cha kuwatosha wawili. Akampa sungura jina jipya, Hakimu, maana kile kichwa kilikaa kama cha mtu anayesikiliza kesi. Na kesi zilikuwepo. Kila jioni Mama alimshitaki mkwe wake: chumvi imezidi, pazia halijafuliwa. Hakimu alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

Mshitakiwa ndiye Dada Darubini, mke wa mpishi. Mume alipika kwenye kantini ya hospitali. Mke, hatua hamsini tu kutoka hapo, alipima vinyesi na mikojo ya watu maabarani. Ugonjwa wa Hakimu alihisi anaujua. Kuna vijidudu vinaitwa maikrosporidia, vidogo kuliko aibu ya mlevi, vikiingia kwenye figo na ubongo wa sungura vinampindua shingo. Watu nao wanavipata, vikawavuruga tumbo au macho, hasa wenye mwili uliokwisha dhoofu. Dawa ipo, ila kwanza ujue unatibu nini. Basi alfajiri moja Mama akamvizia Hakimu na kichupa cha dawa ya macho, akarudi na matone kumi na moja ya mkojo, anatembea kama aliyeteka mji.

Tatizo lilikuwa mlangoni mwa maabara, limebandikwa kwa gundi: SAMPULI ZA WANYAMA MARUFUKU HUMU. Mwandishi wa hayo alikuwa daktari mkuu, ambaye akigeuka tu watu humwita Bwana Utaratibu, mtu anayeweza kuiandikia saa ya ukutani barua ya onyo kwa kuchelewa. Dada Darubini akawahi kabla yake. Akapaka mkojo kwenye kipande cha kioo, akakitumbukiza kwenye chupa ya rangi, akakisuuza, akachungulia. Vilikuwemo, rangi ya waridi, vimetapakaa kama mchele uliomwagika. Akaficha kioo, akaendelea na sampuli sita za siku hiyo, mojawapo ya Bwana Utaratibu mwenyewe, ambaye tumbo lilikuwa likimnguruma tangu Jumamosi.

Zote sita zikatoka na maikrosporidia.

Bwana Utaratibu alipoletewa majibu hakuhitaji kuwaza sana. Watu sita, hospitali moja, kantini moja. Akafunga jiko na kutangaza kwamba saa kumi jioni mpishi anapewa barua ya kufukuzwa kazi. Mpishi akakaa juu ya sufuria aliyoipindua, anamwapia kila anayepita kwamba maji yake huchemka mpaka birika linaomba msamaha.

Dada Darubini akarudi kwenye vioo vyake roho juu. Sampuli ya tano ilikuwa ya mtoto mchanga wa wiki tatu. Huyu kala kantini lini? Akachukua kioo kipya, hakijapakwa chochote, akakichovya kwenye rangi ile ile, akachungulia.

Kioo kitupu nacho kilikuwa kinaumwa.

Mkojo wa Hakimu ulikuwa umeacha wageni ndani ya chupa, na chupa ikawagawia watu wote bila upendeleo. Akamwaga rangi, akatoa chupa mpya kabatini, akachanganya rangi nyingine, akarudia zote. Tano safi. Ya sita imejaa. Akarudia tena, safari hii kioo kitupu pembeni kama shahidi. Shahidi safi. Ya sita imejaa vile vile.

Saa kumi kasoro dakika tano akabisha ofisini. Barua ya mumewe ilikuwa mezani inasubiri sahihi. Akaeleza yote, sungura, kichupa, chupa ya rangi. Bwana Utaratibu akamsikiliza, kisha akavuta karatasi ya pili na kumuuliza ameajiriwa mwaka gani, ili barua yake nayo iwe kamili.

"Kwa hiyo wote sita ni wazima," akasema huku anaandika.

"Watano, Daktari. Ugonjwa wako ni wako mwenyewe. Nimerudia mara mbili."

Kalamu ikasimama. Akainuka, akafunga mlango, akarudi kukaa. Sauti ilipotoka haikuwa ile ya kuandikia mabango.

"Huyo sungura wenu, kichwa kimelalia upande gani?"

"Kushoto, Daktari."

"Wangu kulia. Nilidhani ni ule mto ninaomlazia."

Dada Darubini akaung'ata ulimi. Angecheka hapo, kwisha habari yake. Barua zote mbili zikachanwa vipande vinne vinne, kwa utaratibu. Jiko likafunguliwa. Dada Darubini akapewa adhabu ya kuosha chupa zote za maabara mwezi mzima.

Jumapili Bwana Utaratibu akaja nyumbani amebeba boksi lenye matundu. Dawa ilikuwa ya wiki nne, na hakuna aliyejua kumfumbua sungura mdomo zaidi ya Mama. Sungura wote wawili wakawekwa uani bega kwa bega, mmoja kapinda kushoto, mwenzake kulia, vichwa vikigusana. Mama akawatazama, akaridhika.

"Sasa," akasema, "tuna mahakama ya rufaa."

Dada Darubini akafuta mikono kwenye kanga, akatoka jikoni, akachuchumaa mbele ya yule wa kulia. Akaanza na kesi ya chumvi.